Je, Wajua? Hisa za Kuazima na Simu za Angani

Je, wajua kwamba mtu anaweza kuuza hisa ambazo si zake, na sheria isimguse? Huziazima kupitia dalali, huziuza kwa bei ya leo, kisha hukaa kusubiri. Bei ikishuka, huzinunua tena kwa bei nafuu, humrudishia mwenyewe, na tofauti humbakia mfukoni. Ni sawa na kuazima gunia la karafuu kwa jirani kabla ya mavuno, kuliuza wakati bei iko juu, na kumlipa gunia jingine mavuno yakifika sokoni na bei kushuka. Mavuno yakiharibika, utalitafuta gunia kwa bei yoyote utakayotajiwa, kwa sababu jirani anataka karafuu zake, si maelezo.

Hesabu yake ni ya ajabu. Aliyenunua hisa kwa dola 20, hasara yake haiwezi kuzidi dola 20. Aliyeuza hisa ya kuazima kwa dola 20, faida yake ndiyo haiwezi kuzidi dola 20, ilhali hasara haina mwisho, maana bei haina dari. Zaidi ya hapo, hulipa ada ya kuazima kila siku inayopita, na kampuni ikitoa gawio, yeye ndiye anayemlipa mwenye hisa kutoka mfukoni mwake.

Je, wajua kwamba mchezo huu una umri wa miaka zaidi ya 400? Mwaka 1609, mfanyabiashara Isaac Le Maire, aliyekuwa mmoja wa wakurugenzi wa Kampuni ya Uholanzi ya India ya Mashariki kabla ya kugombana na wenzake, aliunda kundi la kuuza hisa za kampuni hiyo ambazo hawakuwa nazo. Kampuni ikalalamika kwa serikali, na mwaka 1610 ikatolewa amri ya kupiga marufuku kuuza hisa ambazo muuzaji hana mkononi. Mwaka huohuo wenye hisa waaminifu walipokea gawio lao la kwanza, na sehemu kubwa yake ililipwa kwa basibasi badala ya fedha. Sijui nani alicheka mwisho. Wanazuoni wengi wa Kiislamu nao huikataa biashara hii, kwa msingi wa mafundisho kwamba mtu asiuze asichokuwa nacho. Kenya, kwa upande wake, ilitunga kanuni za kuazimana na kuuza hisa kwa namna hii mwaka 2017.

Kampuni za simu za setilaiti zimekuwa chambo kikubwa kwa watu wa aina ya Le Maire, na si vigumu kuona sababu. Gharama zote hutangulia: roketi, setilaiti, vituo vya ardhini, madeni ya mabilioni. Wateja huja baadaye, kama wanakuja.

Iridium ndiyo hadithi kuu. Mradi huu, uliobuniwa na Motorola, ulipanga setilaiti 77, ndipo ukapewa jina la elementi yenye namba 77. Mwishowe zikatosha 66, jina likabaki. Uligharimu dola bilioni 5 hivi. Simu yenyewe iliuzwa karibu dola 3,000, ilikuwa nzito kama tofali, na ndani ya nyumba haikushika mawimbi, kwa kuwa antena lazima ione anga. Wakati setilaiti zinatengenezwa, minara ya simu za kawaida ilikuwa inaota kila mji ambao mteja tajiri angeweza kwenda. Wakopeshaji walitaka wateja 27,000 kufikia mwisho wa Machi 1999. Walipatikana 10,000 na ushei. Tarehe 13 Agosti 1999 Iridium iliomba kinga ya mufilisi mahakamani.

Kwa hiyo aliyeuza hisa za Iridium alizoziazima alitajirika? Subiri. Hisa hizo ziliingia sokoni Juni 1997 kwa dola 20. Tuseme mjuzi mmoja aliiona hesabu mapema, akaazima hisa 1,000, akaziuza kwa dola 20,000. Kufikia Mei 1998 bei ilikuwa imepita dola 70. Kuzirudisha kungemgharimu zaidi ya dola 70,000. Katika hali hiyo dalali huwa hana subira: hupiga simu kudai dhamana iongezwe, na ukishindwa hukununulia hisa mwenyewe kwa bei ya saa hiyo na kukuachia deni. Miezi 15 baadaye kampuni ikaanguka kama mjuzi wetu alivyosema, lakini yeye huenda alishafilisika kabla yake.

Na setilaiti? Zilikuwa zimeshapangiwa kuangushwa ziungue angani, hadi kundi la mfanyabiashara Dan Colussy liliponunua mali yote kwa dola milioni 25, likiwa na mkataba wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani wa dola milioni 72 kwa miaka miwili. Wenye hisa wa zamani hawakupata kitu. Mtandao wenyewe unafanya kazi hadi leo, ukiwa na setilaiti mpya.

Je, wajua kwamba mshindani wa Iridium, Globalstar, alipoteza setilaiti 12 kwa siku moja? Ilikuwa Septemba 1998, roketi ya Zenit iliposhindwa safari baada ya kuruka kutoka Baikonur. Kampuni ilifilisika mwaka 2002, ikanunuliwa na Thermo Capital ya Jay Monroe, ikarudi sokoni mwaka 2006. Baadaye ikatangaza kwamba vikuza-mawimbi vya setilaiti zake vinaharibika kwa mionzi ya angani. Mazungumzo yakawa yanakatika, na kampuni ikawawekea wateja kikokotoo cha kuwaonyesha ni saa ngapi setilaiti nzima itapita juu yao. Watu walilipia simu iliyohitaji ratiba, kama feri.

Kilichofuata ndicho kinachonivutia zaidi. Oktoba 2014, hisa za Globalstar zilikuwa zinauzwa kwa zaidi ya dola 3, na soko liliithamini kampuni mabilioni ya dola, ingawa mapato yake ya mwaka yalikuwa takriban dola milioni 90. Kampuni ya uwekezaji ya Kerrisdale Capital ikajitokeza hadharani: tumeuza hisa hizi za kuazima, na thamani yake halisi ni sifuri. Bei ikaporomoka.

Hoja yao haikuhusu simu hata kidogo. Ilihusu masafa ya redio. Globalstar iliiomba Tume ya Mawasiliano ya Marekani iiruhusu kutumia masafa yake ya setilaiti ardhini, jirani kabisa na yale ya Wi-Fi, na wanunuzi wa hisa waliyaona kama kiwanja katikati ya jiji. Kerrisdale walijibu kwamba hakuna atakayelipia kile ambacho karibu yake kinapatikana bure. Globalstar ikajitetea hadharani. Ruhusa ilitolewa mwishoni mwa 2016, ikiwa imepunguzwa sana, na foleni ya wanunuzi haikuonekana. Mwaka 2020 hisa moja ilikuwa chini ya senti 50.

Kwa maoni yangu, Kerrisdale waliisoma vizuri biashara iliyokuwepo. Walichokosea ni kuandika sifuri. Septemba 2022 Apple ilitangaza kwamba iPhone 14 itaweza kutuma ujumbe wa dharura mahali pasipo na mnara, na setilaiti zitakazobeba ujumbe huo ni za Globalstar. Asilimia 85 ya uwezo wa mtandao ikatengwa kwa ajili ya Apple. Novemba 2024 ikajulikana kwamba Apple itaweka dola milioni 400 kwa asilimia 20 ya umiliki wa kampuni tanzu yenye mali za setilaiti, pamoja na malipo ya awali ya hadi dola bilioni 1.1. Yale masafa yaliyodharauliwa ndiyo yaliyomleta mteja huyu, ila kwa kazi ambayo pande zote mbili za ubishi wa 2014 hazikuijadili sana.

Je, wajua la mwisho? Februari 2025 Globalstar iliunganisha kila hisa 15 kuwa moja, kisha ikahamia soko la Nasdaq. Aliyekuwa anadaiwa hisa 15,000 za kuazima aliamka akidaiwa 1,000, na deni lilikuwa lilelile.