Injini ya Petroli Haiendeshwi na Milipuko

Ukiuliza gari linapata wapi nguvu, wengi watakujibu kwamba petroli hulipuka ndani ya silinda na mlipuko huo ndio unaoisukuma pistoni. Jibu hilo limezoeleka mno, lakini si sahihi, na kosa lake si dogo. Katika injini isiyo na hitilafu, petroli huungua tu. Huungua kwa kasi kubwa, lakini kwa utaratibu: moto huanzia mahali pamoja na kusambaa hadi pembeni. Ikianza kulipuka kweli, injini hiyo inajivunja yenyewe.

Ushahidi wa kwanza uko kwenye taimingi. Katika injini ya mipigo minne, ile ambayo Nikolaus Otto aliifanikisha Ujerumani mwaka 1876, pistoni hushuka ikivuta hewa na petroli, kisha hupanda ikiugandamiza mchanganyiko huo hadi ubaki kwenye nafasi ya takriban sehemu moja ya kumi ya ile ya mwanzo. Koili huuchukua umeme wa betri wa volti 12 na kuupandisha hadi makumi ya maelfu ya volti, ukaruka pengo la plagi lenye upana wa kama milimita moja. Kama petroli ingelipuka papo hapo, cheche ingepaswa kuruka pistoni ikiwa imeshafika juu kabisa. Haifanyi hivyo. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, cheche kwa kawaida huruka nyuzi 20 au 30 za mzunguko wa krenkishafti kabla ya pistoni kufika juu, kwa sababu moto unahitaji muda. Kutoka kwenye plagi hadi ukuta wa silinda ni safari ya sentimita nne hivi, na moto huimaliza kwa milisekunde mbili au tatu. Kwa jicho letu hiyo si kitu. Kwa krenkishafti ni nyuzi arobaini, hamsini. Ndiyo maana cheche hutangulizwa, ili presha ifike kileleni pistoni ikiwa imeanza tu kushuka, kwenye nyuzi 15 hivi baada ya juu, mahali ambapo konrodi imepata mwelekeo wa kuizungusha krenkishafti. Ukichelewesha cheche, gesi inaifukuza pistoni iliyokwisha kukimbia na joto linaishia kwenye ekzosi. Ukiiwahisha mno, moto unaipinga pistoni ingali inapanda.

Mlipuko wa kweli nao upo, na mafundi wanaujua kwa sauti: injini inagonga, hasa ikipanda mlima kwa gia kubwa. Moto unapoelekea pembeni, gesi inayoungua hutanuka na kuibana ile ambayo haijafikiwa. Gesi hiyo ya mwisho hupata joto na presha hadi ikajiwasha yenyewe, yote kwa mkupuo, na mawimbi ya presha yakaanza kugonga kuta za silinda. Pistoni iliyoteswa hivyo ukiishika mkononi utaona ukingo wake wa juu umedonolewa vitundu vidogo vidogo, kama aluminiamu iliyopigwa mchanga, na wakati mwingine kingo zinazoshika ringi zimemeguka. Kusukuma mlango kwa kiganja na kuupiga nyundo vinaweza kutumia nguvu sawa, lakini ni kimoja tu kinachoufungua. Tena, kama mlipuko ndio ungekuwa chanzo cha nguvu, ni vigumu kueleza kwa nini Thomas Midgley na wenzake huko Marekani walihangaika kuuzuia, hadi mwaka 1921 wakagundua kwamba kiungo chenye madini ya risasi huondoa kugonga. Dunia iliilipia dawa hiyo kwa afya yake. Algeria, nchi ya mwisho kuuza petroli ya magari yenye risasi, iliacha mwaka 2021.

Kuna atakayesema: mbona dizeli haina plagi ya cheche, na mafuta yake hujiwasha? Ni kweli. Injini ya dizeli huigandamiza hewa peke yake, mara 15 hadi 20, hadi ipate joto la kuwasha mafuta yanaponyunyiziwa. Lakini kwa sehemu kubwa moto wake hufuata kasi ya nozeli: mafuta huungua kadiri yanavyoingia na kuchanganyika na hewa. Ule mlio mkali wa lori asubuhi, injini ikiwa ya baridi, hutokana na mafuta yaliyochelewa kuwaka, yakalimbikizana, kisha yakashika moto kwa pamoja. Hata huko, basi, kinachokaribia mlipuko ni kile ambacho wahandisi hujitahidi kukipunguza.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwenye vituo vya mafuta: kama hivyo ndivyo, kwa nini petroli ya okteni ya juu inasifiwa kuwa na nguvu? Okteni haipimi nguvu. Inapima uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo bila kujiwasha, na kwa hesabu ya nishati ndani ya lita moja tofauti ni ndogo mno. Faida huonekana kwenye injini yenye mgandamizo mkubwa au tabo, ambayo ina sensa ya kusikia kugonga: ikipewa petroli dhaifu, kompyuta huichelewesha cheche ili kuinusuru pistoni, na nguvu hupungua. Injini ya kawaida iliyoundwa kwa okteni ya chini haina cha kufanya na ustahimilivu huo wa ziada. Mwenye gari la aina hiyo analipia kinga ya ugonjwa ambao injini yake haiugui.