Virusi Vingi Katika Damu Moja: Kompyuta Inavyovitenganisha



Wajumbe wa kamati za sharika na wafadhili wetu hukutana mara kwa mara na maneno "usugu wa dawa" katika taarifa za miradi ya UKIMWI. Katika toleo hili tunaeleza usugu huo unatoka wapi na wataalamu wanautambuaje.

Mtu anayeishi na VVU hana kirusi cha aina moja. Taarifa za urithi za kirusi hiki ni kama andiko la herufi 9,700 hivi. Kirusi kinapojinakili hufanya makosa, wala hakina namna ya kuyasahihisha. Hivyo damu ya mtu mmoja hubeba nakala nyingi zinazofanana lakini zisizo sawa. Baadhi ya makosa hayo hukiwezesha kirusi kuishinda dawa. Badiliko liitwalo M184V huleta usugu dhidi ya lamivudine, na K103N dhidi ya nevirapine na efavirenz.

Ugumu ni kwamba mashine nyingi za kusoma vinasaba hazisomi andiko zima. Husoma vipande vifupi, mara nyingi vya herufi 150 hadi 300, vya virusi vyote vikiwa vimechanganyika.

Watunza hazina wataelewa mfano huu. Kuna hati 100 za malipo. Nyingine zinasema "Fundi Yohana alipokea shilingi elfu tano", na nyingine "Fundi Yakobo alipokea shilingi elfu nane". Zimechanwa vipande vya maneno matatu matatu, kila hati mahali tofauti, kisha zikachanganywa. Kipande kinachoishia na maneno yanayoanzia kipande kingine tunakiunganisha nacho kwa mstari. Tunapata ramani ya njia, ambayo wanahisabati huiita grafu. Lakini njia zote mbili zinakutana kwenye "alipokea shilingi elfu" kisha zinaachana tena. Je, elfu tano ni za Yohana au za Yakobo?

Hapo tunahesabu. Kama Yohana ametajwa mara 70 na Yakobo mara 30, na "tano" imeonekana mara 70 na "nane" mara 30, basi yaelekea elfu tano ni za Yohana. Hesabu zikiwa nusu kwa nusu, haziamui kitu. Itabidi tupate kipande kirefu chenye jina na kiasi pamoja.

Msingi wa hisabati hii uliwekwa mwaka 1736 na Leonhard Euler, mtoto wa mchungaji kutoka Uswisi, alipochunguza njia za kuvuka madaraja saba ya mji wa Königsberg. Mwaka 2008 Nicholas Eriksson, Niko Beerenwinkel na wenzao walitumia grafu kwa VVU: kwanza waliondoa makosa ya mashine, kisha wakatafuta njia chache kabisa zinazotosha kueleza vipande vyote.

Kwa nini jambo hili ni zito? M184V na K103N zimetengana kwa takriban herufi 240, kwa hiyo kipande cha herufi 150 hakiwezi kuonyesha zote mbili. Zikiwa katika virusi viwili tofauti, kila kimoja bado kina dawa ya kukizuia. Zikiwa katika kirusi kimoja, kirusi hicho kinazishinda lamivudine na efavirenz kwa pamoja. Tena kipimo cha usugu cha njia ya zamani kwa kawaida hakioni virusi vilivyo chini ya asilimia 20 hivi.

Kazi hii ya grafu bado inafanyika zaidi katika utafiti. Kliniki zetu hutegemea kipimo cha wingi wa virusi. Hata hivyo somo lake linatuhusu: kirusi kisichojinakili hakifanyi makosa mapya. Mgonjwa anaporuka dozi, virusi huanza kujinakili wakati dawa ni kidogo mwilini, na vile vichache vyenye usugu hupata nafasi ya kuongezeka. Dolutegravir, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 kama dawa ya kuanzia, ni ngumu zaidi kuishinda, lakini si kwamba haishindiki.

Kwa hiyo, wapendwa, nauli mnayomchangia mgonjwa ili asikose kliniki, na mjumbe anayemtembelea nyumbani kumtia moyo ameze dawa kila siku, ni sehemu ya kinga dhidi ya usugu. Tunaomba kila kamati iweke jambo hili katika bajeti yake.