Bongo Waliorudi Kutoka Florida

Wajukuu zangu, hapa Kinanie kumwona swara akiruka ua wa seng'enge, au pundamilia akila nyasi karibu na ng'ombe, si ajabu. Lakini yuko mnyama wa Kenya hii hii ambaye mtoto wa Marekani amekuwa na nafasi kubwa ya kumwona kuliko nyinyi.

Anaitwa bongo wa mlimani. Ngozi yake ni ya hudhurungi inayoelekea wekundu, na mbavuni ana michirizi myeupe, utadhani mtu alichovya vidole kwenye chokaa akavipitisha kutoka mgongoni hadi tumboni. Pembe zake zimejipinda, na jike anazo kama dume. Masikio ni mapana, kwa sababu ndani ya msitu mnene hatari husikika kabla haijaonekana. Hakai nyikani kama hapa kwetu. Kwao ni misitu ya Aberdare, Mlima Kenya, Mau na Eburu, na popote pengine duniani hayupo porini.

Wawindaji walimfuata na mbwa. Swara akiona mbwa hutimua mbio. Bongo yeye husimama akawainamishia pembe. Akisimama tu, mwenye mkuki amemfikia. Msitu nao ukakatwa. Leo waliobaki porini hawafiki 100.

Kabla mambo hayajaharibika hivyo, miaka ya 1960 na 1970, baadhi walinaswa Aberdare wakapelekwa kwenye bustani za wanyama Marekani. Watu wa huko wakalipa kiingilio wamtazame mnyama adimu wa Afrika. Mimi sipendi kumwona mnyama nyuma ya vyuma, nasema wazi. Lakini kizazi cha hao waliochukuliwa ndicho tunachokitegemea sasa.

Mwaka 2004 bongo 18 walirudishwa, wakapelekwa kwenye hifadhi karibu na Nanyuki. Msidhani lango lilifunguliwa siku hiyo wakaingia msituni! Bongo aliyezaliwa Marekani hamjui chui, wala hajaonja majani ya Mlima Kenya. Kisha kuna kupe. Nyinyi mnaochunga mnajua ndigana, ugonjwa unaoenezwa na kupe, inavyomwangusha ng'ombe wa gredi huku wa kienyeji akiendelea kula. Mwili ambao haujawahi kukutana na kupe wa huku hauna kinga.

Basi walikaa chini ya uangalizi, wakazaa, na watoto wao wakazaa. Ni Machi 2022 ndipo watano wa kwanza walipoachiwa Mawingu, eneo la msitu la ekari 776 lililozungushiwa ua. Hesabuni wenyewe: miaka 18.

Februari 2025, usiku, 17 wengine kutoka Florida, huko huko Marekani, walitua uwanja wa Jomo Kenyatta, pale mbele tu ya Mlolongo, wakapandishwa malori hadi Meru. Nao wameanza somo lile lile la majani, baridi na kupe. Wanaongojewa zaidi kuingia msituni ni watoto na wajukuu wao.