Allis-Chalmers na Trekta la Matairi ya Mpira

Kampuni ya Allis-Chalmers ya Milwaukee, katika jimbo la Wisconsin nchini Marekani, iliundwa mwaka 1901 kwa kuunganisha viwanda kadhaa, na ilijulikana kwa injini za mvuke na mitambo ya migodini kuliko kwa zana za kilimo. Otto Falk, aliyekabidhiwa uongozi mwaka 1913 kampuni ilipokuwa imefilisika, aliiingiza katika matrekta mwaka uliofuata, lakini biashara hiyo ilisuasua kwa zaidi ya muongo mmoja, kwani soko lilitawaliwa na kampuni ya International Harvester na Fordson, trekta la bei nafuu la Henry Ford. Nafasi ilijitokeza mwaka 1928, Ford alipoacha kuunda matrekta nchini humo na wauzaji wake wakabaki bila bidhaa. Harry Merritt, mkuu wa idara ya matrekta ya Allis-Chalmers, akawapatia trekta lililokuja kuitwa Model U.

Hata hivyo, mchango mkubwa wa kampuni hiyo ulihusu gurudumu, si injini. Matrekta ya wakati huo yalitembea kwa magurudumu ya chuma yenye meno, yaani vipande vilivyochomoza ili kuuma udongo. Meno hayo yalipunguza utelezi, lakini kila yalipozama na kung'oka yalikula sehemu ya nguvu ya injini, yakamtikisa dereva na kuharibu barabara. Mwaka 1932 Merritt, akishirikiana na kampuni ya matairi ya Firestone, alilijaribu Model U karibu na mji wa Waukesha likiwa limevalishwa matairi ya ndege, ambayo, kwa kuwa yalijazwa upepo kidogo tu, yalibonyea na kugusa eneo pana la ardhi, hivyo uzito ukatawanyika na trekta likasonga bila kuchimba.

Kwa kuwa wakulima wengi walidhani mpira ungeteleza au kutoboka, mwaka 1933 kampuni ilimtumia Barney Oldfield, dereva mashuhuri wa mashindano ya magari, aliyeliendesha Model U lililobadilishwa gia kwa zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Mbio hizo zilivuta macho ya watu, ila hoja iliyomgusa mkulima mfukoni ilitoka katika kituo cha majaribio ya matrekta cha jimbo la Nebraska, kilichopima trekta jingine la kampuni hiyo, Model WC, kwa magurudumu ya chuma, kisha mwaka 1934 kwa matairi, ikadhihirika kwamba kwa matairi lilivuta kwa mafuta machache zaidi. Kufikia mwaka 1940 matrekta mengi mapya nchini Marekani yaliuzwa yakiwa na matairi ya mpira, yakiwemo ya washindani waliokuwa wametangulia sokoni.