Mhusika Anapoitangaza Riwaya Yake Mwenyewe

Ujumbe uliingia saa nne usiku: "Shikamoo mama. Mimi nipo mwaka wa kwanza. Bumu halijatoka na tangu jana sijala. Nimesoma kwamba wewe unakopesha. Naomba unielekeze kibanda chako kilipo, nitalipa."

Nilikaa na simu mkononi bila kujua nijibu nini. Huyo mama aliyeamkiwa hayupo. Nilimtunga mimi, kijana wa mwaka wa tatu ambaye hata kusonga ugali wa watu wanne hawezi. Nilimwita Mama Daftari, mama ntilie wa kwenye riwaya yangu, na kwa wiki kadhaa nilikuwa naandika kwenye blogu kwa sauti yake ili kitabu kiuzike. Nitarudi kwa huyo dogo. Kwanza nieleze jambo lenyewe, maana wengi mmeniuliza linafanyikaje, na najua humu chuoni wenye miswada kwenye flashi ni wengi kuliko wanaokiri.

Nilichapisha nakala 150 kwa pesa ya kuungaunga. Mwezi wa kwanza niliuza 11, na kati ya hizo nne walinunua wanachumba wenzangu kwa aibu. Nilikuwa natangaza kama kila mtu anavyotangaza: picha ya jalada, bei, namba ya simu, "riwaya kali ya kusisimua, usikose". Nani ambaye riwaya yake si kali? Msomaji anapoombwa elfu kumi, ambayo kwa wengi wetu ni chakula cha siku mbili tatu, anataka kuonja kwanza. Picha ya jalada haionjeshi kitu.

Hapo ndipo nilipokumbuka Americanah, riwaya ya Chimamanda Ngozi Adichie wa Nigeria iliyotoka mwaka 2013. Mhusika wake mkuu, Ifemelu, anakwenda Marekani kusoma na huko anaanzisha blogu kuhusu rangi na ubaguzi kama anavyouona mtu mweusi aliyetoka Afrika. Vipande vya blogu hiyo vimo ndani ya riwaya. Anaporudi Lagos anaanzisha blogu nyingine, inayoitwa The Small Redemptions of Lagos. Mwaka 2014, kitabu kikiwa kimeshatoka, Adichie aliifungua blogu hiyo kweli kwenye intaneti, kwa jina lile lile, na Ifemelu akaendelea kuandika humo kana kwamba ukurasa wa mwisho wa kitabu haukumfunga mdomo.

Ukiangalia vizuri, mbinu hii ilifaa kwa sababu Ifemelu tayari ni mwandishi wa blogu. Si kwamba mhusika alichukuliwa akalazimishwa kuwa mpiga debe. Alikuwa anaendelea na kazi yake. Aliyekuwa amesoma kitabu alirudi kwa rafiki anayemfahamu, na asiyekisoma alikutana na sauti kwanza, kisha akajiuliza huyu dada ametokea wapi.

Wala jambo hili halikuanza na intaneti. Mwezi Oktoba mwaka 1809, gazeti moja la New York lilitoa tangazo la kutafutwa kwa mzee aitwaye Knickerbocker, aliyetoweka kwenye nyumba ya wageni alikokuwa amepanga. Baadaye likatoka tangazo jingine kwa jina la mwenye nyumba: mzee ameacha mswada chumbani, na asiporudi kulipa deni lake, mswada utauzwa kufidia deni. Desemba kitabu kikatoka, historia ya New York ya kuchekesha, kwa jina la Knickerbocker. Mzee hakuwahi kuwepo. Aliyekuwa nyuma ya yote ni kijana wa miaka 26 aitwaye Washington Irving. Wapo walioamini kwamba mzee amepotea kweli, na jina Knickerbocker likaja kuwa jina la utani la watu wa New York mpaka leo.

Sisi nasi tunajua nguvu ya mhusika. Muulize mzee yeyote aliyekulia kwenye riwaya za Ben Mtobwa. Huenda atakutajia Joram Kiango kabla hajakumbuka jina la kitabu. Mtu anasahau kisa, hamsahau mtu.

Basi nikaanza. Mama Daftari kwenye riwaya ana daftari la madeni ya wanafunzi, kwa hiyo kila bandiko nililiandika kama ukurasa wa daftari hilo. Hili ni mojawapo: "Wa mwaka wa kwanza namjua, anauliza bei kabla ya kukaa. Wa mwaka wa tatu anakaa, anakula, ananawa, ndo anauliza kama daftari lipo." Jingine: "Leo wamekuja watatu, wameagiza sahani moja na vijiko vitatu. Nimeandika deni moja, shukrani nimepokea tatu." Watu wakaanza kutumiana kwenye magrupu ya WhatsApp. Ndani ya wiki sita nakala kama 60 ziliondoka.

Nilijifunza mambo manne, na nayaweka wazi kwa atakayetaka kujaribu.

La kwanza, mhusika asikitaje kitabu. Mama Daftari hajui kwamba yumo kwenye riwaya. Siku niliyomfanya aseme "nunueni kitabu changu" watu walinicheka, na walikuwa na haki. Bei na namba ya simu ziwe chini kabisa, kwa sauti ya mwandishi.

La pili, amua mhusika yupo wapi kwenye kisa. Mimi nilimweka mwaka mmoja kabla ya sura ya kwanza, kabla binti yake hajaondoka nyumbani. Kwa hiyo angeweza kumtaja binti kila siku bila kufichua kinachokuja. Ukiandika kutoka baada ya mwisho, kila sentensi ni hatari ya kumharibia msomaji utamu.

La tatu, mpe maoni kuhusu mambo ya leo: mvua, bei ya mchele, wiki ya mitihani. Watu hawafuati blogu ili wasikie kisa kile kile vipande vipande. Wanataka kujua mtu huyu angesema nini kuhusu maisha yao.

La nne ndilo lililonigharimu, na linanirudisha kwa yule dogo.

Mimi sikuandika popote kwamba Mama Daftari ni mtu wa kutunga. Nilidhani inaeleweka. Tena, kusema kweli, nilifurahi pale wengine walipoamini. Nilijiona fundi. Kumbe kati ya hao walioamini kulikuwa na mtu mwenye njaa aliyekuwa anatafuta kibanda.

Mkono wangu wa kwanza ulitaka kujibu kwa sauti ya mama: "Mwanangu, leo nimefunga, pole." Lingekuwa jibu zuri la kihadithi, na dogo angelala na njaa akiamini kesho atampata. Nikafuta. Nikaandika: "Samahani sana mdogo wangu. Mama Daftari ni mhusika wa riwaya, mimi ndiye ninayeandika. Nipo hapa hapa chuoni. Upo bweni gani?"

Alichelewa kujibu. Nadhani aibu ilimshika, na aibu hiyo nilimtengenezea mimi. Mwishowe tulikutana getini tukala chipsi mayai. Alikula kimya. Alipomaliza akaniuliza, "Kwa hiyo hayupo kabisa?"

"Hayupo."

"Basi kaka, andika kwamba hayupo. Wenzangu wawili wanamtafuta."

Usiku ule ule niliweka mstari juu ya blogu na juu ya kila bandiko: Mama Daftari ni mhusika wa kubuni, na anayeandika ni fulani, mwanafunzi wa chuo hiki. Niliogopa kwamba mchezo umekwisha. Haukwisha. Wiki iliyofuata mtu aliandika, "Shikamoo mama. Najua haupo, ila leo nimefeli jaribio, ungeniambia nini?" Nikamjibu kwa sauti ya mama, bila wasiwasi, kwa sababu sasa sote wawili tulijua tunachofanya.

Hapo ndipo nilipoielewa tofauti. Waliofungua blogu ya Ifemelu wakitoka kwenye riwaya walijua wanamsoma nani. Irving alitegemea watu wasijue, na kwa mzaha wa gazeti kuhusu mzee asiyelipa pango, labda hasara ilikuwa ndogo. Lakini mhusika akishaanza kuahidi chakula, mkopo, kazi au ushauri wa afya, kutojua kwa msomaji si sehemu ya hadithi tena. Ni kudanganywa.

Kwa hiyo ukitaka kumpa mhusika wako kalamu, mpe. Acha aongee, alalamike, ataniane na watu. Ila jina lako liwe pale pale anapoonekana, na namba yako ipatikane, kwa sababu mtu akibisha hodi akiwa na shida ya kweli, mhusika hana mikono ya kumfungulia.

Nakala zimebaki 23. Yule dogo ana moja. Alitaka nimwandikie kwenye daftari, atalipa bumu likitoka. Nimemwandikia.