Udongo wa Durban na kidonda cha binti wa London

Wazazi wenzetu, mtoto akirudi kutoka kucheza na mikono imejaa udongo, neno la kwanza tunalomwambia ni anawe. Ndivyo ipasavyo. Hata hivyo, udongo huo huo una viumbe ambavyo wataalamu wanavitafuta kama wapiga mbizi watafutavyo lulu.

Mwaka 2010, mjini Durban, Afrika Kusini, mwanafunzi wa chuo kikuu alichukua udongo ulioganda chini ya bilingani lililooza. Ndani yake akapata kirusi kinachoua bakteria, akakiita Muddy, yaani chenye matope. Virusi vya jamii hii huitwa bakteriofaji. Havishambulii seli za mwanadamu; kila kimoja hutafuta bakteria wa aina yake tu, humwingia, huzaana ndani yake, kisha humpasua.

Hupatikanaje? Udongo huchanganywa na maji maalumu, ukatikiswa, kisha maji yake hupitishwa katika chujio lenye matundu madogo mno: bakteria huzuiliwa, virusi hupita. Maji hayo huchanganywa na bakteria hai na kumwagwa juu ya sahani yenye lishe. Bakteria wakikua, sahani hufunikwa na utando; palipo na kirusi, hutokea doa angavu. Doa moja huchotwa na kazi hurudiwa mara kadhaa, hadi ithibitike kuwa kilichobaki ni kirusi cha aina moja. Ndipo umbo lake hutazamwa kwa hadubini ya elektroni, vinasaba vyake husomwa, na hupimwa ni bakteria gani anaowaua.

Kazi hiyo ya subira ilizaa matunda miaka minane baadaye. Huko London, binti wa miaka 15 mwenye maradhi ya kurithi ya mapafu alikuwa amepandikizwa mapafu mapya. Bakteria aitwaye Mycobacterium abscessus akaenea mwilini mwake, na antibiotiki zikashindwa. Madaktari wake walimwendea Profesa Graham Hatfull wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, mwenye hazina ya maelfu ya virusi hivyo. Vilivyofaa vilikuwa vitatu tu. Viwili ilibidi virekebishwe vinasaba ili viue barabara. Muddy kilitumika kama kilivyotoka udongoni.

Mwezi Juni 2018 binti akaanza kudungwa mchanganyiko huo mshipani, mara mbili kwa siku. Vidonda vyake vilipungua, naye akarejea nyumbani. Taarifa iliyochapishwa mwaka 2019 haikudai kuwa maradhi yamekwisha kabisa. Ilisema hali yake imekuwa nafuu, na hilo lilikuwa kubwa kwa mtu aliyekwisha kukatiwa tamaa.

Tusije tukaelewa vibaya. Udongo mbichi haupakwi kidondani wala kitovuni kwa mtoto mchanga, kwani humo mna vijidudu vya pepopunda. Tiba ni kirusi kilichotengwa, kikasafishwa na kupimwa, tena mikononi mwa madaktari. Wala haimo katika maduka ya dawa ya mitaa yetu. Kwa hiyo zilizopo tuzitunze: tusinunue antibiotiki bila kupimwa, tusigawane vidonge vilivyobaki, na tumalize dozi kama tulivyoelekezwa. Bakteria anayezoea dawa nyumbani kwetu leo, kesho atamkuta mtoto wa jirani.