Noti Kuukuu: Je, Ni Fedha Bado?

Asubuhi moja katika soko la Virunga, hapa Goma, mama mmoja alinyosha mkono ili alipe kopo la maharagwe. Noti yake ilikuwa ya franka 1,000, imechakaa, tena imeungwa katikati kwa gundi. Mwuzaji akaitazama, akamrudishia. Mama akaenda kwa wa pili, naye akatikisa kichwa. Wa tatu akamwambia: «Mama, hii si feza tena.» Akarudi nyumbani na kikapu kitupu, na watoto walikuwa wakimngoja.

Wapenzi wasomaji, nani kati yetu hajaona jambo kama hili? Basi tujiulize: ni nani mwenye haki ya kusema kwamba noti imekufa?

Sheria na imani

Noti ni karatasi tu. Yaipatia nguvu mambo mawili: sheria ya nchi na imani ya watu. Kwa sheria, mwuzaji wa sokoni hana mamlaka ya kuifuta. Kazi hiyo ni ya Serikali na Benki Kuu. Noti ambayo haikufutwa kwa tangazo ni fedha halali, hata ikiwa imechapwa zamani. Uchakavu ni ugonjwa, si kifo.

Walakini wazee wetu wana sababu ya kuogopa. Mwezi wa Juni 1967 zaire ilichukua mahali pa franka, zaire moja kwa franka 1,000. Nayo siku zile ilikuwa sawa na dola mbili za Marekani. Hazikupita hata miaka kumi na mitatu. Katika siku za Noeli ya mwaka 1979, watu wakisherehekea kuzaliwa kwa Mkombozi, Serikali ya Rais Mobutu ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na 10 zimefutwa. Watu walipewa siku chache tu za kuzibadilisha, tena kwa kiasi kilichowekewa mpaka. Mtu wa mjini alikimbilia benki akapanga mstari. Lakini mkulima aliyeuza kahawa yake mlimani, akaficha fedha chunguni, alifanyaje? Wengi walibaki na karatasi za kuwashia moto.

Tukaona tena jambo jingine. Mwezi wa Desemba 1992 ilitolewa noti ya zaire 5,000,000. Waziri Mkuu Étienne Tshisekedi akasema si halali. Askari walipolipwa kwa noti hiyo mwezi wa Januari 1993, wafanyabiashara waliikataa. Fujo ikawaka mjini Kinshasa, watu wengi wakauawa, hata Balozi wa Ufaransa. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule ikaja zaire mpya, moja kwa zaire 3,000,000 za zamani. Watu wa Kasai wakaikataa, wakaendelea kununua na kuuza kwa noti za zamani zilizokwisha kufutwa! Kumbe noti iliyotolewa na Serikali yaweza kukataliwa, na iliyofutwa yaweza kupokewa. Sheria na imani zikiachana, maskini ndiye aumiaye.

Tarehe 30 Juni 1998 franka ilirudi, moja kwa zaire mpya 100,000. Kwa hiyo, mwenye kukuta noti za zaire katika sanduku la marehemu babu yake asidanganywe na mtu: hizo ni ukumbusho tu.

Majirani na dola

Majirani nao hufuta noti, lakini yafaa watu wapewe nafasi. Kenya ilitangaza tarehe 1 Juni 2019 kwamba noti za zamani za shilingi 1,000 zitakoma tarehe 30 Septemba. Tanzania nayo iliwapa watu muda tangu tarehe 6 Januari hata 5 Aprili 2025 wabadilishe noti za miaka 1985 hadi 2003.

Na dola je? Marekani haijazifuta dola zake za zamani. Hata zile zenye kichwa kidogo ni halali kwao. Huko, noti iliyoharibika hulipwa yote ikiwa imebaki zaidi ya nusu yake. Lakini Goma si Washington. Hapa mpasuko mdogo ukingoni, au mwaka wa zamani ulioandikwa juu yake, watosha kuifanya ikataliwe, maana kila mtu anamwogopa atakayempa baadaye.

Mji wetu ulipotwaliwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025, mabenki yalifunga milango, na noti mpya zikaadimika. Zile zile zilizunguka toka mkono hata mkono mpaka zikachanika.

Yatupasa nini?

Kwanza, tusitende hila. Noti tuliyokataliwa tusimsukumie mtoto, wala mzee asiyeona vizuri. Wala tusiihifadhi kwa kikapu cha sadaka, kana kwamba Mungu ndiye wa kupewa kilichokataliwa na wote.

Pili, wewe mwuzaji, noti nzima ambayo namba zake zasomeka, ipokee. Nawe ununuaye noti mbovu za maskini kwa nusu ya thamani yake, pima faida yako mbele ya dhamiri.

Tatu, tukumbuke mfano wa mtumishi aliyefukia talanta yake ardhini. Hatusemi kwamba benki haifungi, tumeiona imefungwa. Lakini akiba yote isikae katika karatasi. Lipeni ada ya shule mapema, nunueni mabati au mbuzi, shirikini likelemba pamoja na watu waaminifu.

Tumesikia kwamba mama yule hakulala njaa. Jirani yake alimpa maharagwe, akasema atalipwa siku yoyote. Bwana wetu alipoonyeshwa dinari aliuliza sanamu iliyo juu yake ni ya nani. Sanamu ya watawala huchakaa, hufutwa, hubadilishwa. Bali sanamu ya Mungu iliyo ndani ya mtu, hata awe fukara namna gani, hakuna serikali iwezayo kuifuta. Jirani yule aliitambua.